Diski Iliyorukwa

Irine, fundi kompyuta wa Same mjini, alikuwa ameisasisha programu ya ndani ya diski ya Mzee Aminieli, mwalimu wa kwaya kutoka Suji. Tangu hapo kompyuta ilikuwa inawaka lakini haifunguki, na nyimbo zote za Pasaka zimo humo! Irine akafungua orodha ya vifaa ambavyo kompyuta huviamsha kwa zamu inapowashwa. Mzee akachungulia, akafoka.

"Flashi ya juzi juu, diski ya miaka sita chini? Tangu lini mdogo akaamkiwa kabla ya mkubwa?"

Kumbe sasisho ndilo lililoitupa diski mkiani! Irine akacheka mpaka akashika meza. Akaipandisha juu, akawasha upya. Kompyuta ikalia: ting!

"Marahaba," akaitikia Mzee.