Mtoto wa Nani

"Mtoto wa nani huyo?" Cheche aliuliza.

Mchoraji akageuka juu ya ngazi. "Mtoto gani, dada?"

"Huyo uliyenibebesha mgongoni."

Ukuta wa soko, mkabala na karakana ya mageti, ulikuwa unachorwa wanawake wa mtaa ule. Cheche, mwanamke pekee aliyechomelea vyuma pale, alichaguliwa tangu mwanzo. Alipigwa picha kadhaa akiwa kazini, ili mchoraji azifuatishe. Sasa chaki ilikuwa imemtoa yeye hasa, mpaka kidoti cha shavuni, ila ana ndoo kichwani na kichanga mgongoni.

"Nimeongezea tu, ukuta usipwaye," mchoraji alisema. "Watu wamezoea kumwona mwanamke na mzigo."

"Basi nibebeshe geti. Hilo ndilo ninalolibeba."

Vijana wa karakana wakaangua kicheko. "Mpe na mtungi wa gesi, mwache mama wa watu afaidi!"

Mchoraji naye akacheka, akashuka, akafuta mtoto na ndoo kwa kitambaa. "Haya, nikuchore vipi?"

"Nikichomelea."

"Ukichomelea unavaa kofia yenye kioo cheusi. Uso hauonekani. Au tuipandishe juu kidogo?"

"Nichomelee macho wazi? Unataka nipofuke ukutani?"

Lakini mama yake alishawatangazia majirani, hata wasiouliza, kwamba uso wa mwanawe unawekwa sokoni. Jumamosi angekuja kuutazama. Akikuta kofia tupu, si ataumbuka? Na kofia ikivuliwa, Cheche atabaki amesimama kando ya geti kama mteja anayengoja chenji.

Siku ile alichomelea huku akitupia jicho ukutani. Mtu ukimwondoa uso, anabaki na nini cha kumjulisha? Swali lilimkaa kichwani kama wimbo. Alipovua glavu, akavuka barabara.

"Nifunike," alimwambia mchoraji.

Jumamosi alijibanza nyuma ya meza ya vitunguu. Mama yake akaja na jirani, wote wamevaa za kutokea. Ukutani alisimama mtu wa kofia nyeusi na aproni ya ngozi, cheche zikimruka mikononi.

Jirani akainamisha shingo huku na huku. "Mwenzangu, uso wenyewe uko wapi? Mbona hili dume? Mtoto wa nani huyu?"

Mama alianza kutazama juu, akashuka taratibu, kifua, mikono, magoti. Cheche alikuwa ameminya kitunguu mpaka mwenye meza akamkata jicho.

Macho ya mama yakafika chini, yakatulia. Akacheka peke yake.

"Wangu," alisema.

"Umemjuaje?"

"Tazama miguu. Tangu anajifunza kusimama, lazima mmoja aukalishe juu ya mwenzake. Nimegomba, nimebembeleza, nimechoka. Na kamba za viatu hajafunga, mwone! Hata ukutani!"

Kumbe ndivyo anavyosimama? Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia, na mama alipogomba, yeye alidhani ni kwa ajili ya viatu.

Cheche akatazama chini ya meza. Buti la kushoto lilikuwa limelala juu ya la kulia, kamba zikining'inia.