Flashi ya King'ora

Kila siku unapita chini ya tuta la kiwanda, macho kwenye simu. Bwawa la maji machafu linaning'inia juu ya kichwa chako, nawe umejifanya hulioni. Basi sikia yaliyompata fundi kompyuta mmoja wa hapo, mchana wa mvua.

Kompyuta iliyopima kina cha bwawa na kupiga king'ora ilikuwa kuukuu. Diski yake ilipokufa, fundi aliomba mashine mpya. Msimamizi akacheka: "Dada, mchagua jembe si mkulima." Fundi akafunga diski ya kisasa, lakini kompyuta ile ya zamani haikuweza kuanza kuwaka kutoka kwenye diski hiyo. Ndipo akachomeka flashi nyuma, kompyuta iamkie hapo, kisha flashi iiamshe diski. Akaibandika karatasi: USICHOMOE.

Siku hiyo umeme ukakatika, ukarudi. Kwenye kioo cheusi, mstari mmoja tu: hakuna diski ya kuwashia. Fundi akapapasa nyuma. Tundu tupu. Akampigia msimamizi.

"Bosi, flashi iko wapi?"

"Ile? Iko garini, nimetia nyimbo. Niliichomoa juzi na mashine haikulalamika."

"Ikishawaka haiihitaji. Ikizimika ndiyo basi. Ulifuta vilivyokuwemo?"

"Si vilikuwa takataka tu, bibie?"

Dirishani, maji yalikuwa yamemeza alama nyekundu ya hatari kwenye nguzo ya bwawa. Na kule bondeni alikuwepo mama mkwe wa fundi, mwenye miguu mibovu, aliyekwisha kuapa: "Nisipokisikia king'ora sitoki kwangu." Fundi akatoka mbio, akigonga kila mlango.

"Tokeni, tuta linabomoka!"

"Mbona king'ora kimya?" wakamjibu. "Huyu naye, mvua imemwingia kichwani." Wakarudishia milango.

Akamkuta mama mkwe kitandani, akachutama na kumpa mgongo ambebe.

"Hakijalia, mwanangu."

"Hakitalia, mama. Nishike shingo."

Alipanda mlima, haoni mbele kwa mvua, pumzi ya mkongwe sikioni mwake. Nyuma yao tuta likatoa mlio kama shuka inayochanwa. Hakugeuka. Wao walifika juu. Waliosubiri king'ora wanakisubiri mpaka leo.

Tuta limejengwa upya. Kompyuta ni ileile. Inuka sasa hivi, nenda ofisi ya kiwanda, waambie waizime na kuiwasha mbele ya macho yako. Na usiondoke mpaka king'ora kilie.