Namna Jani Linavyoaga

Lemonia alikuwa amefeli Biolojia ya Seli mara nyingi hata msafisha ukumbi akawa anamsalimia kwa jina. Leo hakuna mzaha. Sheria mpya imetoka: akifeli tena, anafukuzwa chuoni, na miaka yote ya kubeba sahani kwenye migahawa ya Thesaloniki ili alipie chumba inakwenda na maji.

Mtihani ni wa mdomo, wawili wawili. Mwenzake, Prodromos, kijana wa mwaka wa pili, alimnong'oneza, "Dada, acha kutikisa meza, utamwaga kahawa ya Profesa."

Profesa Evanthia akamgeukia huyo huyo. "Apoptosisi ni nini?"

Prodromos akachanua. Kigiriki hicho, neno la nyumbani! "Rahisi, Profesa. Ni kudondoka, kama majani ya mti. Wazee wetu walilisema hivyo, wanasayansi wakaliazima. Basi seli inadondoka."

"Inadondokea wapi?"

"Eeh... chini?"

"Kila mwaka mnaniletea lugha ya mama zenu mkidhani ni biolojia! Rudi Septemba, ufanye tena."

Prodromos ana Septemba. Lemonia hana. Na jibu alilolikariri usiku kucha ndilo hilo hilo, limevunjwa shingo mbele ya macho yake.

"Haya, Lemonia. Kwa nini majani? Wangeshindwa nini kusema mawe?"

Kichwani hamna kitu, ila mti wa tini ulio nyuma ya nyumba yao.

"Jani la mtini, Profesa... ukilinyofoa bichi, linatoa maziwa, mkono unawasha. Novemba likidondoka lenyewe, hata tone hulioni. Mti umeshaziba pale kabla ya kuliachia."

"Mimi sifundishi kilimo."

"Na seli hivyo hivyo!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, akaishusha. "Ikijeruhiwa inapasuka, inamwaga vilivyomo, majirani wanavimba. Lakini kwenye apoptosisi seli inapewa amri ya kufa. Inasinyaa, inajigawa kuwa vifurushi, majirani wanavila kabla havijapasuka. Hakuna kinachomwagika."

Profesa akakoroga kahawa isiyo na sukari, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye kikombe.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Wewe, Profesa. Kila mwaka."

Msafisha ukumbi, mlangoni, alikohoa ghafla kuficha kicheko.

"Tano," akasema Profesa akiandika. Alama ya chini kabisa ya kufaulu.

"Tano tu?"

"Unataka tubishane?"

Lemonia alikuwa ameshafika kwenye ngazi, viatu mkononi, akikimbia kabla mama wa watu hajabadili mawazo.