Nafasi ya Kashindye

Wanaosema kwamba mimi, Mbuke binti Seni, nilikataa kwenda chuo, wananisingizia, na nimechoka kusingiziwa. Sikukataa. Chuo kile nilikitaka kuliko kitu chochote hapa duniani. Kaeni niwaeleze, na anayetaka kuchekacheka aondoke sasa hivi, maana leo sina subira.

Sisi ni Wasukuma. Baba alihama na ng'ombe zake kutoka Shinyanga mpaka huku Usangu nikiwa mdogo, tukajenga karibu na mama mmoja mjane wa kwetu kulekule, Verediana. Alikuwa na binti mmoja tu, Kashindye Mihayo, rika langu. Tulikaa dawati moja. Kashindye alikuwa wa kwanza kila mtihani, na mimi nilikuwa namchungulia majibu, sifichi. Mwaka sabini na nne, tukiwa darasa la sita, akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku tatu tu, tukamzika.

Mwaka uliofuata nilifanya mtihani wa darasa la saba bila wa kumchungulia, nikafeli vibaya sana. Kurudia kulikuwa marufuku. Lakini Mwalimu Saulo, mwalimu mkuu wetu, alikuwa mvivu wa makaratasi kupita kiasi, hakuwahi kulifuta jina la marehemu kwenye daftari la shule. Akamwambia baba, "Mzee Seni, hapa nina jina lisilo na mtoto, na wewe una mtoto asiye na jina. Tufanyeje?" Siku zile mambo hayo yalikuwa ya kawaida, watoto wengi walirudia kwa majina ya watu. Ila wenzangu walichukua majina ya waliohama au walioolewa. Mimi nikachukua la maiti.

Baba alikwenda nami kwa Verediana kuomba ruhusa. Yule mama akanishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma, "Chukua, mayu. Ila nikikuita kwa jina hilo, uitike."

Basi mwaka mzima akawa ananiita kutoka upande wa pili wa ua, "Kashindye! We Kashindye!" na mimi naitika. Siku moja nilikuwa nakamua ng'ombe, nikachelewa. Nilipofika uani kwake nikamkuta anaongea na kucheka peke yake, mkono umeelekea kwenye kigoda kitupu. Nikauliza, "Umeniita, mama?" Akasema, "Mbona umeshaitika?" Nilirudi kwetu bila kugeuka nyuma.

Mtihani nikafaulu. Safari hii nilisoma kwelikweli, nikawa wa pili tarafa nzima. Mwaka sabini na saba padri akatuletea habari ya chuo kidogo cha masista, juu huko Iringa, kinachofundisha wasichana kazi za kliniki ya akina mama na watoto. Walikuwa wanachukua kumi na wawili tu kila mwaka, kwa sababu vitanda vilikuwa kumi na viwili. Fomu nilipewa moja tu. Ukiharibu, basi tena.

Chini ya fomu palikuwa na nafasi kubwa: "Eleza maisha yako kwa mkono wako mwenyewe. Atakayedanganya hatapokelewa." Nilikaa uani mchana mzima na kalamu. Niandike Mbuke? Mbuke alifeli, cheti hana. Niandike Kashindye? Kashindye yuko kaburini. Mwishowe nikaandika Kashindye Mihayo, halafu mkono ukaenda wenyewe, mbiombio, mpaka nafasi ikajaa. Niliposoma nilichoandika, nywele zilinisimama. Niliandika kwamba nikiwa na miaka minne niliangukia jembe, na mama akanifunga jeraha kwa khanga yake ya arusi. Mimi sijawahi kuangukia jembe lolote.

Nikaenda kwa Verediana. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwuliza, "Mama, Kashindye aliwahi kuumizwa na jembe?"

Ungo ukamtoka mikononi. "Nani kakwambia? Hiyo ilikuwa kwetu Shinyanga. Hata mume wangu nilimficha, nilimwambia khanga imeibiwa."

Sasa mtu mwenye akili angeichoma ile fomu. Mimi nilikitaka chuo. Nikaituma.

Baada ya hapo chakula kikawa hakipiti. Kila nikilala naiona ile sentensi, atakayedanganya hatapokelewa. Nikajisemea, potelea mbali, bora nikose kwa kusema kweli. Nikaandika barua kwa masista, nikaeleza yote, jina, mtihani, kifo, nikaipeleka posta ya Rujewa siku ya Jumatano. Gari la barua lilikuwa linapita Ijumaa.

Alhamisi nikaanza kujilaani. Mjinga we! Nani amekuuliza? Nusu ya nchi imesoma kwa majina ya watu, wewe ndiye mtakatifu? Nikatoka mbio mpaka posta, nikafika saa sita jua la utosi. Karani alikuwa Bwana Crispin, mtu wa miwani, mpole. Nikamwambia, "Shikamoo, Bwana Crispin. Samahani, ile barua yangu ya Iringa naomba nirudishiwe."

Akanishangaa. "Marahaba. Lakini binti, si umeichukua asubuhi?"

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuja nafungua mlango. Nikakwambia weka saini, ukaweka." Akanigeuzia daftari. Palikuwa pameandikwa Kashindye Mihayo, kwa herufi nzuri, zimelala upande mmoja. Mimi mwandiko wangu umejaa mikwaruzo. Ule mwandiko niliujua, niliuchungulia miaka sita.

Nilitoka pale bila hata kuaga. Lakini nitasema kweli hata kama inaniaibisha: nilifurahi, Mungu anisamehe. Barua haikwenda. Nikasema moyoni, kumbe mwenyewe ameniruhusu, mwenyewe anataka nisome. Nilijiona nimebarikiwa. Sikujiuliza hicho chuo anakitaka kwa ajili ya nani.

Mwezi wa saba ikaja barua: Kashindye Mihayo anaitwa kwenye usaili, aje na sanduku lake kabisa, watakaochaguliwa watabaki siku hiyohiyo. Baba akauza ng'ombe. Nikapanda lori la mchele mpaka Iringa, nikapandisha mlima kwa miguu, sanduku la bati kichwani. Ukungu ulikuwa mzito, na baridi ya kule mnaijua, inaingia mpaka kwenye meno. Tulikuwa wasichana thelathini kwenye mabenchi ya kibarazani. Tulikuwa tunaitwa mmoja mmoja kuingia kwa Sista Lusia, mkuu wa chuo, Mhehe mwenye sauti ya chini.

"Kashindye Mihayo!"

Nikashika sanduku, nikabaki nimekaa. Nikawaza, nikisimama sasa hivi, nimekuwa Kashindye mpaka kufa. Nitahudumia watu kwa jina hilo, nitaolewa kwa jina hilo, nitazikwa nalo, na Mbuke atakuwa amekwenda wapi? Halafu nikawaza ng'ombe wa baba. Halafu nikawaza tena ile sentensi. Niende? Nisiende? Nikasema nitaingia, lakini nitaingia na jina langu. Nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu mlango ulipofungwa, nikadhani tu kwamba upepo umeusukuma.

Hatimaye nikasimama, nikabisha hodi, nikaingia. Sista Lusia alikuwa anafunga faili. Akainua macho.

"Wewe nani? Sijaita mwingine."

"Umemwita Kashindye Mihayo, Sista."

"Nimemaliza naye. Ametoka sasa hivi, mmepishana mlangoni."

Sikupishana na mtu. Mbele ya meza palikuwa na kiti, nikashika mgongo wake nisianguke. Kilikuwa cha baridi, baridi ya mtungi uliolala na maji. Basi nikasema yote. Nilisema mimi ni Mbuke Seni, nilifanya mtihani kwa jina la marehemu, marehemu ndiye Kashindye, tulimzika sisi wenyewe, nilibeba udongo kwa mikono hii. Nililia mpaka kamasi.

Yule sista hakunigombeza. Alifungua faili, akaitazama fomu, akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ileile ya chini, "Mbuke, nimekuamini. Umesema kweli, na Mungu amesikia. Lakini kwenye orodha yangu hakuna Mbuke. Na huyu mwenzako nilimwuliza maswali ishirini, akajibu yote. Nitamnyima kwa kosa gani?"

"Amekufa, Sista!"

"Hilo nalo nilimwuliza, kwa sababu alikuwa wa baridi sana nilipompa mkono," akasema. "Hakukataa."

Nikatoka. Saa tisa majina yakasomwa uwanjani, kumi na mawili. La mwisho lilikuwa Kashindye Mihayo, na katikati ya wale wasichana sauti ikaitika, "Nipo, Sista." Walipoandamana kwenda bwenini nikawahesabu migongo. Mimi niliona kumi na mmoja. Sista Lusia aliwahesabu kwa kidole mlangoni, akasema kumi na wawili, akafunga.

Nilirudi Rujewa na sanduku langu. Watu wakasema nimeogopa baridi. Nilimchukia yule maiti, nawaambieni, nilimchukia kwa moyo wangu wote! Mimi ndiye niliyekesha na vitabu, si yeye. Kwa Verediana sikwenda, hata aliponiita.

Mwezi wa kumi na mbili akaja mwenyewe, ameshika bahasha yenye muhuri wa Iringa. Kusoma hajui, kisomo cha watu wazima alikuwa anakikimbia kila mwaka. Akaketi, akanipa, akasema, "Nisomee, mayu. Usinifiche neno."

Ningeweza kumwambia ni karatasi za kanisa. Ningeweza kuichana. Nikafungua. Sista Lusia alikuwa ameandika kwamba binti yako Kashindye hajambo, ni mtiifu, ni wa kwanza darasani, na akina mama wa kliniki wanaogopa mikono yake ya baridi siku ya kwanza tu, baadaye wanamwulizia yeye. Chini, kwa herufi zilizolala upande mmoja, palikuwa na mstari: "Mama, mwambie Mbuke asante kwa kunifanyia mtihani."

Nilishikwa na hasira, na kitu kingine ambacho sikukitaka. Nikamsomea yote, neno kwa neno, mpaka huo mstari wa mwisho. Sikuongeza wala sikupunguza.

Verediana akajifuta uso kwa khanga. "Soma tena," akasema, na mimi nikaanza upya kutoka juu.