Kamba Isiyoachiwa

Jumapili ile Ng'washi aliburuzwa mara tatu kwenye uwanja wa mpira pale Mafinga, na mara zote tatu alikataa kuachia.

"Achia, we binti! Vuta hicho chekundu!" nilimpigia kelele.

Hakuvuta. Kaiti ilimchukua kifudifudi mpaka karibu na goli, upepo ukapungua wenyewe, naye akainuka na nyasi mdomoni.

Kwa asiyejua, kaiti ni kishada kikubwa kinachomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini. Unafungwa mkanda kiunoni, na kuna vifyatuo viwili vyekundu: cha kwanza kinaipunguzia kaiti nguvu, cha pili kinaiachia iende zake. Hiyo ndiyo elimu yote. Mengine ni madoido.

Alhamisi Ng'washi alikuwa apande basi kwenda pwani, kusaidia wanafunzi wa kaiti kwenye ufuko wa maji mafupi ambako mimi na rafiki yangu Yotamu tulifanya kazi miaka sita. Kazi hiyo nilimtafutia mimi kwa simu. Nilikuwa nimeapa kwamba asipojifunza kuachia, napiga simu ya pili na kuivunja. Alilijua hilo, na machozi yalishaanza kumlenga.

"Kwetu Usangu kamba haiachiwi, mzee Sosthenes," alisema akitema nyasi. "Dume la ng'ombe likikuvuta unavutwa nalo. Ukiliachia linaingia kwenye mpunga wa watu, kesho baba anaitwa kwa mwenyekiti."

"Hii siyo dume."

"Mbona inavuta kama dume?"

Yotamu, aliyekuwa amekaa kwenye gogo na fimbo yake, akacheka. "Muulize vizuri, mama. Huyo mwalimu wako naye alikuwa mbishi wa kuachia. Tena kuliko wewe."

Ni kweli. Sisi tulitoka kwenye mbao. Tulivuta magogo kwa kamba, watu kumi, mlima unateleza, na sheria ilikuwa moja: anayeachia peke yake anaua wenzake. Nilipodai kofia ngumu na buti nikaonyeshwa geti. Majina ya waliokaa kimya siku ile ninayo mpaka leo. Yotamu hakukaa kimya, ndiyo maana tulipanda basi la pwani pamoja.

Asubuhi ya kwanza tuliamka bahari haipo. Mtu wa Mufindi haamini kwamba maji yanaondoka. Yotamu alisimama kwenye mchanga akauliza, "Nani amefungulia bwawa?" Wanawake waliolima mwani pale wakacheka mpaka wakakaa chini. Bi Saida, mkubwa wao, akatushika mikono akatutembeza pale ambapo jana yake maji yalitufika kifuani.

"Tazameni chini sasa, wanangu, wakati pako wazi," alisema. "Hili jiwe, wale wadudu wenye miiba, vile vijiti vyangu vya mwani. Maji yakirudi hamtoviona, lakini vitakuwapo."

Akatufundisha yote. Kuvaa viatu. Kufunga vitambaa kwenye vijiti ili vionekane maji yakijaa. Kuingia maji yanapojaa yakafika kiunoni, na kutoka yakiwa bado mapajani, siyo kungoja yapwe mpaka vifundoni. Kutoingia kabisa upepo ukitoka nchi kavu, maana huo unakupeleka usikokujua. Jioni alitupa mihogo ya nazi. Nimeishi miaka mingi na hasira, lakini miaka ile nilicheka. Kuna siku nasimama kwenye baridi hii ya Mafinga nikaona kabisa maji yale ya kijani yakirudi polepole, bila kelele, na Yotamu akiyakimbia kama mtoto.

Kisha ikaja siku moja maji yanaondoka, na mwenye shule ya kaiti tuliyofanyia kazi akamwambia Yotamu aingie amwonyeshe mgeni mmoja anayesafiri jioni. Nikasema maji ni mafupi. Akasema dakika kumi tu. Upepo ulipomzidi Yotamu, mwenye shule alipiga kelele toka ufukweni: "Usiachie! Hiyo kaiti mpya!" Na Yotamu, mtu wa magogo, hakuachia. Maji yalikuwa ya vifundoni. Mwamba ulimla paja mpaka mfupa.

Yule bwana alikimbilia kaiti kwanza. Aliikunjua, akaikagua mshono kwa mshono. Nilikusanya wafanyakazi, nikaandika barua, nikafukuzwa. Nilichoondoka nacho ni kaiti kuukuu ya bluu waliyokuwa wameitupa. Nimeitunza darini miaka saba. Nikiinusa bado ina chumvi.

Ndiyo hiyo Ng'washi alikuwa nayo.

"Mara ya nne," nilimwambia. "Ya mwisho."

Akaipandisha. Ilisimama juu, bluu kwenye mbingu nyeupe ya Julai, nami nikaitazama nikasahau niko wapi. Hapo ndipo upepo wa Sao Hill ulipotoka kwenye misonobari, mzito kama lori la mbao. Ng'washi alinyakuliwa. Aliburuzwa kuelekea waya wa miiba wa uzio.

Mdomo wangu ulifunguka. Neno halikutoka.

Alivuta cha kwanza mwenyewe. Kaiti ikalegea, lakini upepo ukaikamata tena, ikaendelea kumkokota. Waya ulikuwa hatua tano. Akavuta cha pili.

Kaiti ikaenda zake. Iliruka uzio, ikajikunja, ikachomwa na matawi ya misonobari, na tukaisikia ikipasuka kutoka pale tulipokuwa. Ng'washi alibaki amelala, mikono mitupu. Kisha akaanza kucheka, akalia, akacheka tena.

Yotamu alinigeukia. "Mbona hukupiga kelele?"

Niliendelea kutazama misonobari.

"Sosthenes. Nakuuliza."

"Nilikuwa naiangalia kaiti."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ee," alisema. "Hata yule bwana wa pwani alikuwa anaiangalia."

Ng'washi alikuja akichechemea, akapiga goti kidogo mbele yangu. "Nisamehe, mzee. Nimekuharibia kitu chako. Nipande nikakitoe?"

"Usipande," nilisema. "Na mtu yeyote akikupigia kelele kwamba usiachie, hata niwe mimi, ufanyeje?"

"Nisimsikie."

"Enhe."

Akafuta uso kwa kiganja, akaangalia misonobari. "Sasa kule pwani, nikiachia, nitaangukia wapi?"

Nilitaka kumjibu, lakini Yotamu alinitangulia, na alisema kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao.

"Kwenye maji ya kiunoni, mama, ya uvuguvugu. Hayazamishi mtu anayejua saa za kujaa na kupwa. Unasimama tu, unatembea taratibu mpaka kwenye mchanga."