Jumamosi ya Nyumbu

"Mimi sibahatishi. Mimi naona," alisema Tully Grissom, mdomo umejaa bamia za kukaanga. Mezani hakuna aliyembishia, kwa sababu ukimbishia Tully chakula chako kinapoa na chake kinaisha.

Ilikuwa Mei, na pale Coker Springs, Alabama, Mei ndio mwezi wa watu kupiga mahesabu ya vuli. Huko mtu haoi Jumamosi ya vuli. Anaweza kuzaliwa, maana mtoto haulizwi. Anaweza hata kufa, ingawa watu watanung'unika njia nzima ya makaburini. Kuoa, hapana. Jumamosi za vuli ni za Mbweha, timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mikono, ya chuo kikuu kilicho mwendo wa saa moja kwa gari, na Mbweha wakiwa uwanjani hata mchungaji simu yake haipatikani. Ipo Jumamosi moja tu ambayo Mbweha hupumzika, na kwa siku hiyo kanisa lilikwisha kushikwa tangu mwaka juzi na binti mmoja ambaye, wasema wenye maneno yao, wakati huo hata bwana harusi alikuwa hajampata.

Sasa Kaylin, dada yake Tully, alitaka kuolewa na Brant Mabry kabla Brant hajaondoka na jeshi la majini mwezi wa Novemba. Baba yao alikuwa ameshafariki. Wa kumshika mkono na kumpeleka madhabahuni alikuwa mjomba Hollis, mtu mwenye kiti chake kilekile uwanjani tangu ujanani. Mjomba hakuficha kitu. "Mwanangu, nakupenda," alimwambia Kaylin. "Nitafutie tu wiki ya timu mbovu, nitakuja na tai."

Ndiyo maana Tully alikuwa anaulizwa.

"Jumamosi ya tatu ya Oktoba," akasema. "Wanakuja Nyumbu wa Bankhead. Hao weka harusi, ukitaka weka na ubatizo."

Kaylin aliinamia meza. Huyu ndiye msichana aliyewahi kuifungua saa ya ukutani ya mama yake ili aone mlio unakaa wapi. "Umejuaje? Nasikia wamepata kocha mpya. Nasikia na wachezaji wamewatoa vyuo vingine."

"Kusikia ni kwako. Mimi nilikwenda, Aprili, ile mechi yao ya majaribio wanayocheza wenyewe kwa wenyewe. Yule kijana wao mpya wa kurusha mpira, jezi kumi na mbili, anarusha kama mama anayewamwagia kuku makombo."

Mjomba Hollis alicheka mpaka chai baridi ikamtoka puani, na tarehe ikapita hapohapo.

Ukweli ni kwamba Tully hakwenda Bankhead. Aprili nzima hakufika popote penye nyasi. Siku ya mechi ile alikuwa kwenye kochi la rafiki yake, amelala na kiatu kimoja. Alichokijua ni kwamba Nyumbu walikuwa wabovu mwaka jana, na mwaka juzi, na enzi za babu yake, na akaona mtu aliye mbovu muda wote huo hawezi kuacha ghafla bila kuaga. Maneno ya kuku yalimjia yenyewe. Yalimpendeza, akayaacha yakae.

Agosti ikaja, na Agosti ndio mwezi wa orodha: wanahabari wa nchi nzima wanakaa na kutabiri timu ishirini na tano zitakazotamba, kabla mtu hajagusa mpira. Kadi za harusi zilikuwa zimeshasambazwa. Tully aliisoma orodha jikoni, amesimama. Mbweha walikuwa wa pili. Hilo alilitegemea. Akashusha jicho mstari mmoja.

Nyumbu wa Bankhead walikuwa wa tatu.

Kwa hiyo Jumamosi ya tatu ya Oktoba haikuwa tena wiki ya timu mbovu. Ilikuwa mechi ya mwaka. Kufikia Jumatano shangazi wa mji wa Mobile alipiga simu kusema magoti yanamsumbua, na yatamsumbua, alikadiria, hasa katikati ya Oktoba. Mpiga kinanda aliuliza kama wimbo mmoja hautoshi. Mjomba Hollis hakupiga simu kabisa, na hiyo ndiyo iliyomfanya Kaylin asile.

Jumapili wakakutana kwa chakula. Brant alikuja na bibi yake, Odessa Mabry, kikongwe msafi aliyebandika kifuani pini ndogo ya nyumbu wa fedha. Alisoma Bankhead, na hakuwahi kuona haya kulisema, hata pale ambapo haya ingemsaidia. Walikula nyama ya nguruwe ya moshi na makaroni ya jibini, na kila mtu aliisifia makaroni kuliko ilivyostahili.

Kaylin ndiye aliyekata mzizi wa fitina. "Mjomba, niambie tu. Utakuwepo?"

Hollis alizungusha glasi yake. "Wa pili kwa wa tatu, mwanangu. Sijawahi kuona kitu kama hicho kwetu. Kama wangekuwa wabovu kama alivyosema Tully..."

"Mimi nitakuwa kanisani," akasema bibi Odessa, taratibu, huku akijipakulia. "Nimewangoja Nyumbu wawe kitu tangu nikiwa msichana. Sasa wamekuwa, na wamechagua siku ya mjukuu wangu. Basi, wataniwia radhi."

Hollis alimtazama yule bibi, akatazama ile pini, masikio yakamwiva. Akatoa pochi, akachomoa tiketi mbili za mechi ile, akazilaza karibu na bakuli la makaroni. "Tai gani unataka nivae?" akamuuliza Kaylin, na Kaylin akamshika mkono.

Pale ndipo Tully alipopaswa kunyamaza, mambo yalikuwa yamekaa sawa. Lakini alikuwa amekaa kimya tangu Jumatatu, na kwa mwili wake huo ni ugonjwa.

"Hamtakosa kitu," akasema, akivuta sahani. "Orodha ni karatasi. Mimi niliwaona kwa macho yangu Aprili. Namba kumi na mbili? Kuku na makombo."

Bibi Odessa aliweka uma chini. Uso wake ulichangamka. "Ulikwenda, mjukuu wangu? Ile ya Aprili? Hebu niambie, ulikaa upande gani?"

"Wa kivuli, bibi."

"Na huyo kumi na mbili ulimwona akirusha?"

"Mara tatu. Zote nyasini."

"Ajabu," akasema, na alikuwa anashangaa kwelikweli, hakuwa na hila hata chembe. "Maana mimi na dada yangu tulifika mapema ili tumwone. Radi ikaanza bendi ingali inapiga. Wakatutoa watu wote, tukala mikate yetu garini, wakatangaza hakuna mechi. Hakuna mpira uliorushwa siku ile. Mpaka leo natamani kujua huyo kijana anarushaje." Akasogeza kiti. "Wewe ulimwonea wapi?"

Tully alitazama makaroni. Mjomba Hollis aliacha kutafuna.

Na Kaylin akaegemeza viwiko mezani, kidevu mikononi, kama siku ile ya saa. "Mjibu bibi," akasema. "Na mimi nataka kujua."