Habari Waliyoisoma Wote Isipokuwa Mimi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeteuliwa kuwatengenezea vijana wa nchi nzima programu ya simu ya kusomea habari. Uteuzi ulisomwa mstarini, mbele ya shule yote, nami nikaupokea kwa unyenyekevu unaostahili, nikiwa nimevaa shuka.

Simu sikupewa, kwa kuwa shuleni kwetu kukutwa na simu ni kosa la kufukuzwa hata ndotoni. Nilipewa mche wa sabuni ya kufulia. Nikaubonyeza, ukawaka.

Kamati ilikaa kwenye maabara ya kompyuta. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Sanga, anayetufundisha kompyuta. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mashine ya kuchapia, na kila alipofikiri alitoa karatasi tupu. Akauliza kijana wa leo anasoma nini. Lugano, rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu, akajibu kwamba kijana hasomi kitu mpaka mwenzake awe amekisoma.

Jibu hilo lilinikuna. Palepale nikachora kanuni kwenye sabuni kwa ukucha: habari haitamfikia mtu moja kwa moja. Itapita kwanza kwa marafiki zake, na itamfikia pale tu rafiki mmojawapo atakapobonyeza kitufe kiitwacho Mpe Mwenzako.

Kamati ikanipigia makofi ya kilo. Mwalimu Sanga akatoa karatasi tupu nyingine, akatangaza kwamba kanuni imeshakuwa sheria na haina mlango wa kutokea. Nikacheka. Wakati ule ilikuwa inachekesha.

Mara maabara ni geti la shule, na habari zinaingia kwa miguu.

Zina kimo cha wanafunzi wa kidato cha kwanza na kila moja imejitwisha sanduku la bati. Habari ya mpira inaingia imebebwa juujuu, inapokewa na kila mtu, inapitishwa mkono kwa mkono mpaka inapoteza kiatu. Habari ya bei ya mbolea inagonga bweni moja baada ya jingine, inaambiwa wenyewe hawapo, mwisho inakwenda kukaa nyuma ya vyoo na sanduku lake.

Ya mwisho inakuja peke yake. Imelowa mvua, na kichwani imejifunika khanga ya njano. Inamuuliza mlinzi wa geti mahali anapopatikana Ambakisye Mwakalinga. Nasema ni mimi. Inanitazama, inasema, "Pole. Sikuruhusiwa kuanza na wewe," halafu inanipita.

Khanga ile naijua. Ni ya dada Atupele, aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki. Yuko nyumbani na mimba yake ya kwanza, na miezi imetimia. Khanga ameitunza ya kumpokelea mtoto. Likizo iliyopita aliniambia nikithubutu kuifutia mikono atanikata masikio. Kila Jumapili hunipigia kwenye simu ya Matroni. Jumapili iliyopita hakupiga. Haya ni mambo ya nje ya ndoto. Nayataja tu ili isionekane nilimfuata yule mgeni kwa umbea.

Nilimfuata mpaka bwaloni, akamkuta Kyando. Kyando tunakula naye meza moja, na ndiye mlafi rasmi wa bweni letu. Akishikwa na malaria hula kwanza ndipo atetemeke. Habari ikafunguka kifuani kama kabati. Kyando akaingiza kichwa, akasoma. Alipokitoa aliufunga mlango wa kifua taratibu, akachukua nyama yake yote, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, Amba."

"Na wewe?"

"Nimeshiba."

Sufuria kubwa ya maharage, iliyokuwepo hapo tangu enzi za wamisionari, ikasema haijapata kusikia neno hilo likitoka kwa Kyando, na kwamba anayehusika ajiandae.

Nikamwambia Kyando abonyeze Mpe Mwenzako. Akasema angebonyeza, ila yeye hajui kuongea; labda Lugano. Lugano naye akasoma, akaniuliza kama nina soksi za kutosha, akavua zake akanipa. Kuhusu kubonyeza, akasema jambo kama hili ni la Matroni. Matroni akasoma, akaniita mwanangu, yeye ambaye siku zote huniita "we mjinga", akasema hili ni la mkuu wa shule. Mkuu akasoma akiwa amesimama, akanisamehe kosa la kumvisha mbuzi wake tai ya shule, akaeleza kwamba kwa utaratibu habari za namna hii hutolewa na mtu wa karibu, kwa mfano Kyando. Mbuzi naye akasoma. Alikuja akaniegemea.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nimeishi bweni vya kutosha kujua kwamba binadamu hawawi wema wote kwa mpigo bila sababu.

Nikaenda kumwona kitufe mwenyewe.

Anakaa stoo ya chakula, juu ya gunia la unga. Ni wa kijani, wa mviringo, mnene, na sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikamwamkia, akaitikia kwa uchovu. Nikamwambia nimekuja kujibonyezea.

"Mpaka rafiki yako," akasema.

"Mimi ni rafiki yangu."

Akataka ushahidi. Akaniomba nitaje siku moja tu niliyowahi kujiazima kitu nikajirudishia. Basi nikajisalimia palepale, nikajiuliza habari za masomo, nikajiazima kalamu na kujirudishia kwa shukrani. Alitazama mpaka mwisho, akasema urafiki huo umeanza leo na una maslahi ndani yake.

"Basi niambie kitu kimoja. Ni dada?"

"Mimi ni kitufe, kaka. Kusoma sijui. Nabonyezwa tu."

"Wamekuja kukubonyeza?"

"Wanakuja sana. Wanaweka kidole hapa juu, wanalia kidogo, wanaondoka. Angalia nilivyolowa."

Kweli, alikuwa amelowa, na unga ulikuwa umemganda.

Nikaiita kamati nikaomba kanuni ifutwe. Kamati ikakubali kwa kauli moja, bila hata mjadala, na ikaagiza mabadiliko yatangazwe kama habari nyingine yoyote. Habari ya mabadiliko ikatoka mbio, ikawafikia marafiki zangu wote. Hakuna aliyenipa. Walisema kwa sasa nina mengi kichwani.

Ikabaki njia moja. Nauchukua mche wa sabuni naenda nao bombani, naanza kuusugua. Bomba linaniuliza nafua nini. Nasema nafua taifa. Linasema nisimalize maji.

Povu linapanda. Habari ya mpira inayeyuka huku ikishangiliwa. Mwalimu Sanga anaondoka nusu kwanza, ile ya mashine, kisha nusu ya mwalimu. Bwalo linakwenda, geti linakwenda, mbuzi anakwenda na tai yake. Nasugua mpaka vidole vinachubuka, mpaka mikononi hamna sabuni tena.

Kilichobaki ni ile habari. Imekaa kwenye ukingo wa zege, miguu inaning'inia bila kufika chini.

Nilikaa pembeni yake. Sikuwa na mzaha wowote uliosalia, nilipekua. Nikaiuliza ilitoka kwa njia gani. Ikasema ilipita katikati ya migomba yetu, mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na uani kulikuwa na majirani wengi. Nikauliza majirani wanafanya nini.

"Wamekaa."

"Wamekaa tu?"

"Wanaume wamekaa huku, wanawake wako ndani."

"Kuna mtoto analia?"

Ikavuta khanga mpaka ikafunika uso wote.

"Niulize mambo ya mpira," ikasema. "Ya mpira ningeweza."

Nikaikamata mabega nikaitikisa. Nilitaka kuufungua ule mlango wa kifua kwa nguvu, lakini kwa upande wangu haukuwa na mahali pa kushika. Ulikuwa laini kama sabuni mpya. Niliutengeneza vizuri mno. Nikaanza kuiomba. Niliiomba kama mtoto, nikaiambia nitasoma chochote ilichobeba, hata kama ni hicho, ilimradi nisiwe mtu wa mwisho duniani kukijua. Ikaniambia inanielewa. Ikasema hata yenyewe imechoka kukibeba.

Ndipo Lugano akatokea, pekupeku, kwa kuwa soksi zake nilikuwa nimezivaa mimi. Kiganjani ameshika kitufe, kimebaki kidogo kama punje ya dengu.

"Amba," anasema. "Kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Najiweka vizuri. Anainua kidole. Kinasogea juu ya kile kipunje, kinashuka, kinakaribia kugusa, kinasimama. Namtazama usoni, yeye anatazama pembeni.

Nikaamka.

Kumekucha kabisa, jua limeshaingia dirishani. Kengele ilipigwa sikuisikia. Wenzangu wote wamekwenda mchakamchaka na bweni ni tupu. Hakuna aliyenivuta blanketi, kazi ambayo kwa kawaida hugombewa.

Kando ya kitanda iko ndoo yangu. Imejaa maji mpaka juu.

Hapa kwetu mtu hachotewi maji. Kuna mapacha kidato cha pili, wa tumbo moja, na huibiana maji. Nikadhani ni utani, nikachovya kidole kuona kama wametia pilipili.

Yalikuwa ya moto. Maji ya moto hutoka jikoni, na mpishi hayatoi mpaka Matroni amwambie ni ya nani na kwa nini.

Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani, nimekaa vizuri. Mvuke unapungua. Sijaoga.